Mradi wa mtaa wenu uingie vipi kwenye bajeti ya Kaunti ya Mombasa

Chama cha wakazi kikiiandikia kaunti barua ya kuomba "msaada wa fedha za kutengeneza mtaro", barua hiyo huishia kwenye faili. Fedha za maendeleo za kaunti hazitolewi kwa barua. Hutoka kwa kifungu kilichoandikwa kwenye bajeti iliyopitishwa na Bunge la Kaunti, kisha kazi hutangazwa kwa zabuni na kulipwa mkandarasi. Kwa hiyo msiombe pesa. Ombeni mstari kwenye kitabu cha bajeti, wenye jina la mradi, jina la wadi na kiasi. Mtaa ukipata mstari huo una haki ya kuuliza mwaka mzima, na usipoupata hata ahadi ya jukwaani haina pa kushikia.

Maelezo haya yanafuata mradi mmoja wa mfano, mtaro wa maji ya mvua na kabro (matofali ya kutandika njia) kwenye kichochoro cha mita 120, kwa sababu ndio mradi unaoombwa sana na ndio unaoharibika sana. Taa, kioski cha maji na uwanja wa watoto hufuata njia hiyo hiyo.

Bisheni mlango wa mwenyewe

Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 limegawa kazi. Mitaro ya mvua, barabara za kaunti, taa za barabarani, takataka, masoko, maji na majitaka, zahanati, shule za chekechea, viwanja vya umma na makaburi ni mambo ya kaunti. Shule za msingi na sekondari, vituo vya polisi na barabara kuu ni mambo ya serikali ya kitaifa. Chifu na naibu wake ni maafisa wa serikali ya kitaifa. Baraza la chifu ni mahali pazuri pa kuwakusanya watu na kusuluhisha ugomvi wa mpaka, lakini ombi la mtaro likiishia pale limekosa njia. Mtaro hupelekwa kwa msimamizi wa wadi, kwa mwakilishi wadi, na kwa idara husika ya kaunti.

Barabara yenyewe pia ina mwenyewe. Ile ya Mombasa kwenda Malindi iko chini ya KeNHA, mamlaka ya kitaifa ya barabara kuu, na baadhi ya barabara za mjini ziko chini ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini. Mtaro wenu ukipangwa kumwaga maji kwenye mtaro wa barabara ya KeNHA, idhini yao inahitajika kabla ya kaunti kuchimba. Ulizeni mapema, maana jambo hili limewahi kusimamisha kazi ambayo tayari ina fedha.

Ipo milango mingine ya kubisha. NGAAF, mfuko ulio chini ya mwakilishi wa wanawake wa kaunti, hutoa ruzuku kwa vikundi vilivyosajiliwa vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Unafaa zaidi kwa vifaa na biashara za vikundi kuliko kwa ujenzi wa njia. NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, imekuwa ikijenga madarasa na vituo vya usalama, lakini Mahakama Kuu iliamua Septemba 2024 kwamba sheria yake inakiuka Katiba na ikaupa mfuko huo muda hadi Juni 30, 2026, basi ulizeni hali ilivyo kabla ya kuuwekea matumaini. Kama shida yenu ni mafuriko au ukosefu wa maji, ulizeni pia kuhusu kamati ya wadi ya kupanga mambo ya tabianchi, iliyo chini ya FLLoCA, mpango wa kufadhili hatua za tabianchi zinazoongozwa na wananchi wa mashinani. Mtaro ulioelezwa kama kinga ya mafuriko unaweza kuingia huko.

Kalenda

Vyama vingi hushindwa hapa, tena vikiwa na hoja nzuri. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini mwezi huo mambo yameshaamuliwa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe hizi:

- Septemba 1: mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata (ADP) huwasilishwa kwenye Bunge la Kaunti.
- Februari 28: taarifa ya mkakati wa fedha (CFSP), inayogawa viwango vya juu vya fedha kwa kila idara.
- Aprili 30: makadirio ya bajeti yenyewe.
- Juni 30: bajeti iwe imepitishwa.

Hesabuni kurudi nyuma. Mtaro unaotakiwa kujengwa kati ya Julai 2027 na Juni 2028 unapaswa kuwa kwenye ADP ya Septemba 1, 2026, maana yake maoni yenu yafike Juni au Julai 2026. Mkija Mei 2027 kwenye kikao cha makadirio mtaambiwa, na ni kweli, kwamba idara haina nafasi. Kuongeza mradi mpya wakati huo kunalazimu kukata wa wadi nyingine, na Mombasa ina wadi 30, kila moja na mwakilishi wake wa kuutetea.

Juu ya yote hayo kuna mpango wa miaka mitano, CIDP, wa sasa ukiwa wa 2023 hadi 2027. Tafuteni nakala yake na mtafute wadi yenu. Kama imeandikwa "uboreshaji wa mitaro" katika wadi hiyo, nukuuni ukurasa huo kwenye ombi lenu. Mpango huo ukikaribia kuisha, kaunti hutayarisha CIDP mpya, na mtaa unaozungumza wakati huo hufungua mlango kwa miaka mitano.

Usajili

Kutoa maoni kuhusu bajeti ni haki ya mkazi yeyote. Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka umma ushirikishwe katika mambo ya fedha, na hakidai cheti. Hata hivyo chama kilichosajiliwa husikika vyema, na ruzuku za moja kwa moja haziwezekani bila usajili. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua 10. Nendeni ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yenu mkiwa na katiba ya kikundi, kumbukumbu za kikao cha kuamua kusajili, na orodha ya wanachama yenye nambari za vitambulisho na sahihi. Cheti kina muda. Andikeni tarehe ya kuisha kwake kwenye jalada la daftari la kumbukumbu. Vikundi vingi huligundua hili siku ya kuomba ruzuku, cheti kikiwa kimekufa zamani.

Ardhi, kabla ya kitu kingine

Mombasa ina shida yake ya ardhi ambayo watu wa bara huwa hawaielewi: nyumba bila shamba. Nyumba ni ya mtu, ardhi chini yake ni ya mwingine, na pengine mwenye ardhi hajaonekana mtaani kwa miaka. Kaunti haiwezi kuweka fedha za umma kwenye kitu cha kudumu juu ya ardhi ya mtu binafsi. Mwenye ardhi akitokea na hati yake, mkandarasi anaondoka na mradi unafutwa.

Kwa hiyo chukueni nambari ya kiwanja na mfanye upekuzi kwenye ofisi ya ardhi. Pateni pia ramani ya eneo kutoka kwa mpimaji na muone kama kichochoro chenu kimechorwa kama njia ya umma au ni nafasi tu iliyoachwa kati ya nyumba. Kama ni njia ya umma, ambatanisheni nakala ya ramani. Kama kinapita kwenye kiwanja cha mtu, pateni idhini yake ya maandishi mbele ya wakili, ikitaja upana na urefu wa njia. Makubaliano ya mdomo na mwenye nyumba hayatoshi kama mwenye nyumba si mwenye shamba.

Mji wa Kale una sharti lake. Ni eneo lililohifadhiwa, na kazi yoyote ya njia au ukuta hupitia kwanza ofisi ya uhifadhi ya Mji wa Kale. Na mitaro inayomwaga kwenye vihori vya Tudor au Port Reitz ikigusa mikoko, NEMA, mamlaka ya mazingira, na shirika la misitu wataingia.

Kipimo

Mhandisi wa kaunti ndiye atakayetoa makisio rasmi. Lakini chama kikienda na vipimo, mradi hauandikwi kwa kubahatisha, na fedha haziishi katikati ya kichochoro. Anzeni na mwisho wa maji, yaani mahali maji yatakapoishia. Mtaro usio na pa kumwaga huhamisha mafuriko kutoka kwa mkazi mmoja kwenda kwa jirani yake wa chini, na jirani huyo ndiye atakayekwenda mahakamani. Tembeeni wakati wa mvua ya masika, kati ya Machi na Mei, mfuate maji hadi yanapoingia baharini, kwenye mtaro mkubwa au kwenye mchanga. Pigeni picha zenye tarehe. Wekeni alama ya rangi ukutani pale maji yalipofika.

Kisha pimeni mteremko. Hakuna haja ya mashine: mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, wa mita 20 hivi, na watu wawili. Jazeni maji, ondoeni mapovu yote, kila mmoja ashike ncha yake karibu na fito lenye alama za sentimita. Maji yakitulia, tofauti ya urefu kutoka ardhini kwenye fito mbili ndiyo tofauti ya mwinuko. Rudieni hadi mwisho wa njia na mjumlishe. Mapovu ndani ya mpira ndiyo yanayodanganya vipimo vingi, na pia kuuacha mpira juani upande mmoja tu. Kwa mita 120, mteremko wa 1 kwa 100 unahitaji tofauti ya sentimita 120. Wa 1 kwa 200, sentimita 60. Ardhi ya Kongowea au Majengo mara nyingi ni tambarare, na mkipata sentimita 20 tu mjue mtaro utashika mchanga. Mwambieni mhandisi mapema, kwani ufumbuzi ni kuuchimba zaidi upande wa chini au kubadilisha njia, na yote mawili yana gharama.

Sasa kabro. Kwa kichochoro cha mita 120 kwa mita 2, eneo ni mita za mraba 240. Tofali la kabro la milimita 200 kwa 100 huhitaji vipande 50 kwa kila mita ya mraba, hivyo 12,000, na ongezeni 5 kwa mia kwa vilivyovunjika na vilivyokatwa pembeni: 12,600. Kabro ya unene wa milimita 60 inatosha kwa watu na mikokoteni. Kama lori la kunyonya majitaka huingia, ombeni ya milimita 80. Msiseme "hakuna magari" wakati vyoo vya shimo vimejaa. Lori hilo litakuja, na kingo za njia zitavunjika wiki hiyo hiyo.

Chini ya kabro wekeni mchanga wa milimita 40, na chini ya mchanga kifusi cha maramu kilichoshindiliwa, milimita 150. Kwa kabro ya milimita 60, unene wote ni milimita 250, hivyo udongo wa kuondolewa ni mita za ujazo 60. Hapa ndipo makisio ya vyama hukosea zaidi: kuchimba huandikwa, kubeba udongo na kuutupa husahaulika. Kichochoro cha mita 2 hakiingizi lori, kwa hiyo udongo hubebwa kwa mikokoteni hadi barabarani, na mkokoteni ni gharama. Maramu ikishindiliwa hupungua, hivyo kwa mita za ujazo 36 agizeni kama 45. Mchanga wa kitanda ni karibu mita za ujazo 10.

Mchanga wa ufuoni usiosafishwa usiingie kwenye zege lenye nondo. Chumvi hula chuma kutoka ndani na mifuniko ya mtaro hupasuka. Hewa ya Mombasa yenyewe ina chumvi, kwa hiyo andikeni kwenye ombi kwamba nondo za mifuniko zifunikwe na zege la angalau milimita 40, na nguzo za taa ziwe za chuma kilichochovywa kwenye zinki. Nguzo iliyopakwa rangi tu huanza kuoza miguuni.

Bei zitafuteni kwa watu watatu, kisha ongezeni kodi ya VAT ya 16 kwa mia na faida ya mkandarasi. Chama kinachochukua bei ya fundi wa mtaani na kuipeleka kaunti kama bei ya mradi hujinyima chenyewe: kiasi kinaandikwa kidogo, na kazi inakatwa mita 40 kabla ya mwisho.

Fedha zikitosha nusu tu, jengeni nusu ya chini. Anzeni kwenye mwisho wa maji na mpande juu. Kinyume chake, kujenga upande wa juu kwanza kwa kuwa ndiko anakokaa mwenyekiti, kunaongeza kasi ya maji na kuyamwaga kwa watu wa chini ambao bado hawana mtaro. Tunasisitiza hili kwa sababu limeharibu ujirani katika mitaa mingi.

Ombi lenyewe

Kurasa mbili zinatosha, na viambatisho nyuma. Kiswahili ni lugha rasmi. Hakuna mtu wa kuwakatalia. Mfano wa mwanzo:

"Kwa: Idara inayohusika na barabara na mitaro, Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Nakala: Karani wa Bunge la Kaunti, Msimamizi wa Wadi, Mwakilishi Wadi. Kuh: Maoni kuhusu ADP, mradi wa mtaro na kabro, Wadi ya Junda. Tunaomba mradi ufuatao uandikwe kwa jina lake: mtaro wenye mifuniko na kabro, urefu mita 120, upana mita 2, kuanzia kona ya msikiti hadi mtaro wa barabara. Nyumba zinazotumia njia hii ni 64. Tofauti ya mwinuko ni sentimita 75. Makisio yameambatanishwa."

Nyuma yake: ramani, upekuzi au idhini ya ardhi, picha za mafuriko zenye tarehe, jedwali la makisio, kumbukumbu za kikao, na sahihi za wakazi. Kwenye sahihi, wapangaji nao waweke. Wao ndio wengi, na kuwaacha nje hufanya chama kionekane cha wenye nyumba tu.

Chapeni nakala mbili zaidi na mhakikishe moja imepigwa mhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Mhuri huo ndio ushahidi wenu.

Kwenye kikao cha maoni, zungumzo likiwa wazi kwa watu 200, mtu hupewa dakika mbili au tatu. Msiende wote mkirudia jambo moja. Mmoja aseme mradi, mwingine ardhi, wa tatu, afadhali mama anayeuza mahamri kwenye kichochoro hicho, aeleze mvua inapomkuta. Tajeni jina la mradi kama lilivyoandikwa kwenye ombi, neno kwa neno, ili karani aliandike vivyo hivyo. Halafu mkae hadi mwisho mkasaini daftari la mahudhurio.

Baada ya kupita

Juni 30 ikipita, pateni nakala ya bajeti na mtafute mstari. Soma jina kwa makini. "Mitaro, Wadi ya Junda" si mtaro wenu. Ni mtaro wa yeyote katika Junda. Kama jina limefupishwa hivyo, andikeni mara moja kuomba idara ithibitishe eneo kabla zabuni haijatangazwa.

Hatari kubwa ya pili ni bajeti ya nyongeza, inayoletwa katikati ya mwaka. Mapato yakiwa madogo kuliko ilivyotarajiwa, miradi isiyoanza hukatwa kwanza. Fuatilieni kwa karani wa bunge. Mwaka ukiisha kabla fedha hazijatoka, mradi haujihamishi wenyewe. Lazima uandikwe tena kwenye bajeti mpya, na mtu wa kukumbusha ni nyinyi.

Mkinyimwa taarifa, tumieni Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ombi la maandishi, bila haja ya kueleza sababu, lapaswa kujibiwa ndani ya siku 21. Ulizeni vitu mahususi: jina la mkandarasi, kiasi cha mkataba, orodha ya kazi na vifaa, tarehe ya kuanza na kumaliza. Wasipojibu, pelekeni malalamiko kwa Ombudsman, tume inayoshughulikia malalamiko dhidi ya ofisi za umma, pamoja na nakala yenye mhuri.

Kazi ikianza, chagueni watu watatu wa zamu, wakiwa na ile orodha ya kazi na vifaa mkononi. Mambo ya kuangalia hufunikwa upesi: unene wa maramu kabla mchanga haujamwagwa, nondo kabla zege halijamiminwa, mteremko kabla mifuniko haijawekwa. Siku ya mteremko, mwageni mapipa mawili ya maji upande wa juu na mtembee nayo. Yakisimama mahali popote zaidi ya dakika chache, pana bonde. Andikeni mita ngapi kutoka mwanzo, pigeni picha, mpeleke kwa mhandisi siku hiyo. Msigombane na vibarua, hawana uwezo wa kubadilisha chochote.

Baada ya kukabidhiwa kuna kipindi cha kurekebisha kasoro kwa gharama ya mkandarasi, mara nyingi miezi 6. Sehemu ya malipo yake huwa imezuiwa hadi kipindi hicho kiishe. Ulizeni tarehe hiyo, na mwezi mmoja kabla yake tembeeni mtaro wote na mpeleke orodha ya kabro zilizozama na mifuniko iliyopasuka. Kipindi kikijumuisha masika ni bahati kubwa, kwani mvua ndiyo itakayoonyesha kila kosa. Na kabla ya masika inayofuata, mwezi wa Februari, fungueni mifuniko mzoe mchanga.